Maswali ya Jikoni kwa Mzee wa Beira

Théoneste alikuwa kinyozi wa Remera, na katika miaka yote aliyonyoa watu jirani na uwanja wa Amahoro hakuwahi kumwuliza mteja anataka anyolewe vipi. Kwake yeye kuuliza kulikuwa ni kukiri kwamba hujui kazi. Mtu akishaketi, alimfunga shuka shingoni, akamzunguka, akaguna kidogo, akaanza. Waliotaka kubakiza ndevu waliondoka kidevu wazi, na waliotaka upara waliondoka na panki. Walinung'unika mpaka kwenye kona, kisha mwezi uliofuata wakarudi, kwa sababu maneno ya Théoneste yalikuwa matamu kuliko mkasi wake.

Maneno hayo ndiyo yaliyompa heshima mjini. Rwanda msichana haombwi kwa mkato. Siku ya gusaba, yaani siku ya kuja kuomba mchumba, koo mbili huketi zikitazamana, kila upande na msemaji wake. Msemaji wa mvulana huja kuomba. Msemaji wa msichana kazi yake ni kukataa. Hatuna binti humu. Tulikuwa naye, ameolewa. Labda mmepotea njia, jaribuni kwa jirani. Na wakati huo binti mwenyewe yuko chumba cha nyuma, amekwisha vaa na kujipaka mafuta, na kila mtu anajua. Kadiri anavyokanwa kwa ufundi ndivyo nyumba yao inavyoheshimiwa, na akitolewa bila kukataliwa kwanza, shangazi zake hulia kwa aibu.

Basi Théoneste alikuwa bingwa wa kukataa kuanzia Remera mpaka Kanombe. Watu asiowajua walikuja kuazima mdomo wake. Ilisemwa kwamba angeweza kukana hata pua yake mwenyewe huku amesimama mbele ya kioo.

Nyumbani kwake kulikuwa na binti mmoja, Kaliza, mtoto wa marehemu kaka yake. Alimlea tangu hajaota meno ya pili, na Kaliza alimwita Data wacu, baba yetu, kama Wanyarwanda wanavyomwita ndugu wa baba. Sasa alikuwa mtu mzima, karani katika mradi wa kuchimba visima, na hukohuko akampata Anselmo, fundi wa mitambo kutoka Msumbiji, kijana mpole mwenye Kifaransa cha kutosha kuchumbia. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1992. Huko kwao Anselmo vita vilikuwa vimetiwa saini ya kwisha, naye alitaka kuoa, kisha arudi Beira na mke wake.

"Vizuri," Théoneste alisema alipoambiwa. Alilisema neno hilo kwa namna iliyomfanya Donatille, mkewe, aache kuchambua maharage amtazame.

"Data wacu, nina ombi," Kaliza akasema. "Baba yake Anselmo anakuja. Mzee Abílio. Alikuwa mkuu wa stesheni ya reli, sasa amestaafu. Hajui Kinyarwanda, hajui Kifaransa, hajui Kiswahili. Ni Kireno na lugha ya kwao basi. Alikwenda arusi ya mwanawe mwingine huko Harare, akakaa tangu asubuhi mpaka jioni hakuna aliyemsemesha. Anselmo anasema waliomwona walidhani amekuja kungoja mtu."

"Na Anselmo si atamtafsiria?"

"Data wacu, wewe ndiye unayejua mila. Bwana arusi haingii mpaka aitwe."

Hilo lilikuwa kweli. "Msemaji wao nani?"

"Mzee Gatera."

Théoneste alisonya. Gatera alikuwa muuza vitambaa, mwenye sauti ya padri na tumbo la kuitegemeza, na ndiye mtu pekee Kigali aliyewahi kumjibu Théoneste mpaka kijiji kizima kikasahau kula. Kireno alikuwa hajui hata cha kuombea maji.

"Mwulize yule mzee vitu vidogo tu kwa lugha yake," Kaliza akaendelea. "Jina lake. Ametoka wapi. Kama amekula. Ajue kuna mtu amemwona. Na jingine, Data wacu, tafadhali usikatae sana."

La kwanza Théoneste alilikubali. La pili alilikoholea.

Mwalimu alipatikana Kabeza. Aliitwa Générose, Mrundi wa Bujumbura aliyeolewa Kigali, mwanamke mnene wa magoti mabovu ambaye alipika miaka mingi katika nyumba ya mfanyabiashara Mreno. Bwana wa nyumba ile alikuwa dukani sikuzote, kwa hiyo Kireno chote cha Générose kilitoka kwa bibi wa nyumba, Madamu Lurdes, na Madamu Lurdes, Mungu amsamehe, hakuwa mtu wa hadithi. Alikuwa mtu wa kuuliza.

Théoneste alifika siku ya kwanza amevaa koti. Générose akamtazama, akampa kisu na beseni la vitunguu.

"Mimi Kiporutige nilisomea jikoni. Hapa hakuna kiti ya mwanafunzi. Menya."

Akamenya. Huku akimenya alijaribu kueleza anachohitaji: "Nataka namna ya kumwambia mzee wa watu kwamba, iwapo katika wale waliosafiri yupo ambaye safari haikumchosha kupita kiasi, huenda asingechukia kutujulisha jina ambalo wazazi wake..."

"Como se chama," Générose akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Jina lako nani."

"Hivyo tu?"

"Weye unapenda maneno mingi. Madamu Lurdes alikuwa anauliza, mimi najibu, kazi inaisha. Sema: Como se chama?"

Alisema kwa sauti ndogo, macho chini, kama mtu anayetamka tusi mbele ya mama yake. Na ndivyo alivyojisikia hasa. Kumwuliza mtu mzima jina lake, usoni, bila hata kumpa kinywaji! Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila alipomenya kitunguu alipata swali. De onde vem, unatoka wapi. Para onde vai, unakwenda wapi. Já comeu, umekwisha kula? Hayo yalikuwa yale aliyoyafuata. Yakaisha mapema, na Générose, ambaye hakupenda kazi nusunusu, akaendelea kumpa yaliyobaki ghalani. Quem comeu o queijo, nani amekula jibini? Que horas são estas, saa hizi ndizo za kuja? O que leva na mala, umebeba nini kwenye mfuko? Hilo la mwisho Madamu Lurdes alimwuliza kila jioni mlangoni, wakati wa kwenda nyumbani, na Générose alipolifundisha sauti yake ilikuwa baridi kidogo.

"Na ulikuwa umebeba nini?" Théoneste akauliza. Lilimtoka tu. Akashangaa mwenyewe.

"Siku ingine jibini," Générose akasema, na wote wawili wakacheka mpaka goti lake likamwuma.

Kulikuwa na swali moja tu lililokuja pamoja na jibu lake. Porque chora, mbona unalia? Hapo ilibidi ujibu É a cebola, ni kitunguu. Générose alisema kwamba katika miaka yote ile jibu hilo lilimtosha, iwe kitunguu kipo au hakipo. Majibu mengine hakufundisha, kwa sababu Théoneste hakuyataka. Msemaji wa upande wa msichana anauliza, anakataa. Kujibu ni kazi ya wale waliokuja kuomba.

Ugonjwa wa kuuliza ukaanza kumtambaa. Siku moja dukani, mteja wake wa siku zote amekwisha funikwa shuka, Théoneste akasema: "Unataka nikunyoe vipi?" Yule mtu aligeuka akamwangalia kwa hofu, akamwuliza kama nyumbani kuna msiba. Usiku wa mazoezi Donatille alimsikia akinong'ona juu ya sahani, já comeu, já comeu, akataka kujua maana yake. Alipoelezwa, akaweka mwiko chini. "Toka unioe," alisema, "hiyo hujaniuliza hata kwa Kinyarwanda."

Siku ya gusaba ikafika, Jumamosi, jua zuri, mahema mawili uani na urwagwa, pombe ya ndizi, imejaa mitungi. Upande wa Anselmo ulikuwa wa kuokotaokota: wafanyakazi wenzake wa visimani, wake zao, na Gatera mbele yao kama askofu. Pembeni ya Gatera aliketi Mzee Abílio. Alikuwa mwembamba, suti nyeusi, kofia magotini, mgongo umenyooka utadhani treni ya mkuu wa mkoa iko karibu kuingia. Kati ya miguu yake lilisimama sanduku la kahawia ambalo alikataa kumpa mtu yeyote. Nyuma yake aliketishwa Générose, amnong'oneze yatakayosemwa. Anselmo na rafiki zake walikuwa wamefichwa nyumba ya tatu, wakingoja kuitwa.

Théoneste alivuka ua wote kwa miguu yake. Minong'ono ikakatika. Akasimama mbele ya mgeni, akavuta pumzi.

"Como se chama?"

Mzee akasimama wima. "Abílio Joaquim, chefe de estação, reformado."

"De onde vem?"

"Da Beira."

"Já comeu?"

"Já, obrigado." Uso wa mzee ulikuwa umeanza kufunguka.

Hapo ilitosha. Lakini watu walikuwa wamekwisha piga makofi, shangazi mmoja akapiga vigelegele, na mtu aliyezoea kupigiwa makofi hajui kushuka jukwaani. Théoneste akatafuta swali jingine kichwani, akakuta lililo karibu.

"Quem comeu o queijo?"

Mzee Abílio alilipokea kwa uzito wake. Stesheni yake iliwahi kupotelewa na mizigo, na alijua kwamba anayeulizwa lazima ajibu vizuri. Akafikiri. "Não fui eu," akasema mwishowe, mkono kifuani. Si mimi. Makofi yakarudi mara mbili. Kinyozi wa Remera na mgeni wakiongea Kireno kama majirani!

Basi Gatera akasimama, akaomba. Akaomba vizuri, ni lazima tuseme, akapita kwenye mababu, kwenye ng'ombe na malisho yao, akafika kwenye ua lililochanua katika nyumba hii ambalo mwanawe ameliona. Akaketi anajifuta jasho.

Théoneste akainuka kukataa.

Waliokuwapo wanasema hawakuwahi kusikia kitu kama kile. Alianza kwa kawaida, hatuna binti, mmepotea, na watu wakatabasamu. Kisha akasema kweli walikuwa na mtoto, aliyekuja nyumba hii mdogo kabisa, akilala mchana juu ya mfuko wa nywele pale dukani. Huyo mtoto amekwenda. Amekuwa mtawa. Amevuka ziwa Kivu, amefunga kiapo, jina lake limebadilishwa, na hakuna mwanamume wa nchi kavu wala wa baharini atakayemwona tena. Alisema hivyo kwa muda mrefu, na sauti ikatetemeka, na watu wakagusana viwiko wakisema, sikia ufundi huo, sikia. Donatille peke yake hakumgusa mtu kiwiko.

Upande wa pili Mzee Abílio alikuwa ameinama nyuma kumsikiliza Générose. Hotuba yote ile, pamoja na ziwa na kiapo, Générose aliibana kama alivyofundishwa jikoni.

"Diz que não. A menina foi para freira." Anasema hapana. Msichana amekwenda utawani.

Mzee akauliza kwa upole kama ni kweli. Générose akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo mwenye nyumba alivyosema, naye hawezi kuongeza.

Mzee Abílio akasimama. Akavaa kofia. Akamwinamia Théoneste kwa heshima, akainamia shangazi, akachukua sanduku lake, akatoka getini.

Ua ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti. Tangu gusaba ianze kuwa gusaba hakuna upande wa mvulana uliowahi kujibu hivyo: kukataliwa, na kuondoka! Jibu gani sasa lingeshinda hilo? Théoneste mwenyewe alijikuta anampigia Gatera makofi. "Leo umeniletea mtu," alisema, na Gatera, ambaye moyo ulikuwa umemruka kwa mshangao, akainua bega moja kama mtu asiyependa kujisifu.

Wakangoja mzee arudi. Wakanywa. Wakangoja tena. Générose alikuwa wa kwanza kusema neno. "Mimi nilifikiri anakwenda choo," alisema, "lakini mtu hapana kwenda choo na valizi."

Donatille akamvuta mumewe kando, nyuma ya mitungi. "Mgeni ameonekana anashika njia ya Kanombe. Kwa miguu. Anakwenda uwanja wa ndege."

"Ndege yake si Jumanne?"

"Anajua wapi pengine katika mji huu?"

Théoneste akatazama huku na huku. Anselmo alikuwa amekwenda na wenzake kuchukua mpiga picha. Générose alionyesha magoti yake. Gatera alisema anaweza kwenda, lakini akifika atamwambia nini, atamwimbia?

"Aende mwingine yeyote," Théoneste akasema. "Tangu lini nyumba ya msichana ikamkimbilia mkwe barabarani? Kesho mji mzima utasema tulimsukuma mtoto mikononi mwao."

"Théoneste," Donatille akasema, "unamtaka yule mzee arudi, au humtaki?"

Théoneste alichukua fimbo yake, akapita katikati ya wageni polepole kama mtu anayekwenda kunyoosha miguu, akasalimia, akatoka getini, akakunja kona. Baada ya kona alikusanya vazi lake la sherehe mpaka magotini akatimua mbio.

Alimkuta kwenye kizuizi, kabla ya njia panda ya Kabeza. Siku zile vizuizi vya askari vilikuwa vingi, na kwenye hiki alisimama jandarme, askari kijana mwenye jua kali kichwani na mgeni asiyeeleweka mbele yake. Mzee Abílio alisimama kando ya sanduku, kofia mkononi, mgongo umenyooka vilevile.

"Mzee, huyu iko wenu?" jandarme akamwuliza Théoneste, aliyekuwa anahema. "Nimesema naye Kifaransa, hapana sikia. Kiswahili, hapana sikia. Mimi nataka kujua tu: iko natoka wapi, iko nakwenda wapi, na ndani ya valizi iko na nini. Kama hapana jibu, hapana pita."

Théoneste hakuamini masikio yake. Alikuja kumrudisha mtu, na neno "rudi" hakuwa nalo, wala "samahani", wala "ilikuwa mchezo". Générose hakumfundisha, na yeye hakuuliza. Lakini hayo matatu alikuwa nayo yote, mapya, hayajatumika sana.

"De onde vem?"

Mzee akamtazama. "Da sua casa," akasema, akimwonyesha yeye kwa kofia, kisha upande wa Remera. Kutoka nyumbani kwako.

"Anatoka kwangu," Théoneste akamwambia jandarme, na sikio likamwaka moto.

"Para onde vai?"

"Para o avião," na kofia ikaonyesha angani.

"Anakwenda kwenye ndege."

"Jumamosi iko ndege gani?"

"Jumanne."

Jandarme akapiga mluzi. "Atangoja amesimama? Basi mwulize valizi."

Théoneste alisita. Alikumbuka sauti ya Générose kwenye swali lile. Lakini bunduki ni bunduki. "O que leva na mala?"

Mzee Abílio alitoa ufunguo mfukoni, akalilaza sanduku juu ya lami, akalifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na vitambaa vya kwao, vya rangi kali, vimekunjwa kimoja kimoja kwa shangazi na mama. Kulikuwa na kopo la korosho. Na juu yake, limefungwa gazeti la Kireno, kitu kizito. Jandarme akarudi nyuma hatua. Mzee akafungua gazeti taratibu. Lilikuwa jembe.

Anayeomba binti Rwanda huleta jembe. Bila jembe mambo hayajawa. Watu wa mjini hulinunua sokoni asubuhi ileile, na Gatera alikuwa na lake chini ya kiti, la kuazima. Huyu mzee aliambiwa na mwanawe kwamba kuna mila hiyo, ile ya kukataliwa hakuambiwa, akalinunua kwao Beira, akalipaka mafuta lisishike kutu, akalipitisha katika kila uwanja wa ndege kati ya bahari na Kigali, akiwaeleza watu wa forodha kwa lugha wasiyoielewa.

"Jembe ya nini?" jandarme akauliza.

"Para quem é isso?" Théoneste akasema, swali jingine la Madamu Lurdes. Ni la nani hilo?

"Para o pai da menina." La baba wa msichana.

Pai na menina alikuwa ameyaokota jikoni. Alisimama pale na fimbo yake na vazi lake limekunjwa magotini, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliona alichofanya. Maneno yake yote ya leo hayakuwa mchezo. Alimkataa huyu mtu kwa kweli. Hakutaka mtoto aende. Hakutaka tangu siku ile alipolitamka lile "vizuri" mbele ya maharage, na akaona afadhali aliseme kwa ufundi, apigiwe makofi, kuliko aliseme wazi.

Mzee Abílio alikuwa anamwangalia usoni. "Porque chora?"

"É a cebola," Théoneste akasema upesi.

Mzee akatazama lami. Akatazama kizuizi, jandarme, majani ya kando ya barabara. Akatafuta kitunguu kwa dhati kabisa, kama alivyofikiria habari ya jibini, asikione. Kisha akauliza lake, polepole, neno moja moja, kama anayetangaza treni kwa watu wanaosikia kwa shida.

"Onde está a menina?"

Msichana yuko wapi? Swali hilo Théoneste alikuwa amelijibu katika nyumba za watu miaka mingi. Ameolewa, yuko Kongo, yuko utawani, hajazaliwa. Lakini safari hii aliulizwa na mtu asiyecheza, kwa lugha ambayo hakuwa na pa kujificha ndani yake.

"Em casa," akasema, kwa neno la mzee mwenyewe. Yuko nyumbani.

"Em casa?"

"Em casa."

Mzee akalifunga jembe katika gazeti lake, akafunga sanduku, akaligeuza upande wa Remera.

"Amesema nini?" jandarme akauliza.

"Tunarudi."

"Bado! Sijajua jina yake."

"Como se chama?" Théoneste akauliza, na mzee akasimama wima tena, akalisema lote, pamoja na stesheni na kustaafu.

Walipoingia uani watu waliinuka kwa shangwe. Waliona Théoneste ameshika ncha moja ya sanduku, mkwe ncha nyingine, wakajua Gatera ameshinda raundi, sasa kinyozi atajibu. Wakatulia wamsikie. Gatera alikuwa ameandaa majibu ya utawa, ya kiapo na ya ziwa, na mdomo ulikuwa unamwasha.

"Binti yupo," Théoneste akasema. "Anaitwa Kaliza. Yuko chumba cha nyuma. Nilisema hayupo kwa sababu nitamkosa."

Watu wakangoja hotuba iendelee. Haikuendelea. Shangazi mmoja akaanza kulia kwa aibu, kama ilivyotarajiwa, na Gatera akamwegemea Théoneste sikioni.

"Mzee mwenzangu, usinifanyie hivi. Tukatalie hata kidogo."

"Sina tena," Théoneste akasema.

Générose, upande wa wageni, alikuwa anamfasiria Mzee Abílio, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hotuba na tafsiri zilikuwa na urefu mmoja.

Théoneste akauacha ua, akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma. Binti hatolewi mpaka aitwe, na anayemwita humwita kwa wimbo na wasichana wenzake. Yeye aligonga kwa kidole, kama mtu anayepita.

"Kaliza."

"Karame," sauti ikaitika ndani, kama anavyoitikiwa mzazi.

"Unataka kwenda na mtu huyu? Mpaka huko kwao?"

Uani hakuna aliyewahi kusikia baba akimwuliza binti jambo hilo, siku hiyo, nje ya mlango, watu wakisikia.

"Nataka, Data wacu," Kaliza akasema. "Nilikuwa nangoja uulize."

Théoneste akashika kitasa. Alisimama nacho mkononi muda kidogo, kisha akafungua.